Somo: Chora njia ya nishati, kuanzia sahani ya dagaa hadi kwenye jua

Ndugu zangu, chukueni karatasi na kalamu. Somo hili hufundishwa kwa mfano wa simba, swala na nyasi, wakati sisi wa Mwanza tuna Ziwa Victoria zima mlangoni. Leo tunatumia ziwa.

Hatua ya 1: Anza na kilicho mezani. Andika DAGAA katikati ya karatasi, kisha jiulize dagaa kala nini. Anakula vijidudu vinavyoelea majini. Chota maji ya ziwa kwenye glasi, yaelekeze kwenye mwanga, utaviona vikirukaruka mithili ya vumbi lenye uhai. Anakula pia mabuu ya wale nzi wa ziwa wanaopanda angani kama moshi. Vijidudu navyo hula vijimea vya kijani vinavyoelea, na vijimea havili mtu: vinajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Hapo umefika chanzo.

Hatua ya 2: Chora mishale. Mshale utoke kwa anayeliwa uende kwa mlaji, maana huko ndiko nishati inakokwenda. Kila mwaka nasahihisha karatasi zenye mshale unaotoka kwa furukombe kwenda kwa samaki, utadhani samaki ndiye kamla ndege.

Hatua ya 3: Weka hesabu. Hapa tutulie. Tuseme vijimea vimehifadhi kilojuli 10,000 (kilojuli ni kipimo cha nishati). Vijidudu vikivila, kinachojenga miili yao ni kama 1,000. Dagaa atabaki na 100, sangara anayemla dagaa 10, na wewe unayemla sangara, 1. Nyingine imekwenda wapi? Imetumika kuogelea, kupumua, kutafuta mchumba, na yote hiyo imeishia kuwa joto. Nyingine haikuliwa kabisa, au imeliwa ikatoka kama kinyesi. Hii asilimia 10 ni makadirio tu. Kuna ngazi zinazopitisha 5 na nyingine 20, kwa hiyo usiing'ang'anie kama kilo ya kwenye mzani. Kufuatilia nishati ngazi kwa ngazi namna hii tumejifunza kwa Raymond Lindeman wa Marekani, aliyechunguza ziwa dogo huko Minnesota na kutoa makala yake mwaka 1942.

Hatua ya 4: Ongeza waozeshaji, yaani bakteria na kuvu. Kila kiumbe kiwe na mshale unaokwenda kwao.

Hatua ya 5: Futa mmoja uone. Kwenye ziwa letu viumbe walishafutwa kweli. Sangara alianza kuletwa miaka ya 1950. Miaka ya 1980 akajaa kila mahali, na furu, samaki wadogo ambao walikuwa wa aina mamia, wengi wakatoweka. Baadhi ya furu walikuwa wakila mabaki yaliyotuama chini ya maji. Walipoondoka, uduvi, yaani kamba wadogo, wakaongezeka, wakayala wao yale mabaki, na sangara akageukia uduvi, dagaa na hata watoto wake mwenyewe. Mdiria, ndege mla samaki wa Ghuba ya Mwanza, aliyezoea furu, naye akahamia kwa dagaa. Ukichora mstari mmoja mnyoofu huwezi kuyaonyesha haya. Ndiyo maana tunachora mtandao.

Maswali ya wanachama

*Mfuga kuku, Buswelu:* Shikamoo mwalimu. Nikiwalisha kuku dagaa halafu nikala mayai, nimepata hasara?

Marahaba. Ya nishati, ndiyo, umeongeza ngazi. Ila wale dagaa waliojaa mchanga usingewatia chunguni, na kuku anawala. Hao umewaokoa. Faida ya mayai ni hesabu yako na wateja wako.

*Mvuvi wa Igombe:* Kama nishati inapungua hivyo, mbona sangara mmoja anaweza kufika kilo 100, na dagaa hata gramu 5 hazifiki?

Usipime mmoja mmoja, kaka. Sangara huyo amekula miaka na miaka. Pima wote kwa pamoja: kwa uzito, dagaa ndio wanaoongoza kwenye mitumbwi ya ziwa hili.

*Mwanafunzi, kidato cha tatu:* Shikamoo mwalimu. Waozeshaji wakishamaliza kazi, nishati si inarudi kwa vijimea?

Marahaba mwanangu. Hapo ndipo wengi mnapopoteza alama. Kinachorudi ni virutubisho: nitrojeni, fosforasi na wenzake. Nishati imeshatoka kama joto, na vijimea haviwezi kulitumia joto hilo kujitengenezea chakula. Kesho asubuhi vinasubiri jua jipya. Kwenye mchoro wako, mishale ya virutubisho ichore kwa kalamu ya rangi nyingine.