Jinsi Maarusi Wanavyoweza Kuimba "Islands in the Stream" Wenyewe

Maarusi wa Nakuru wanaotaka kuimba "Islands in the Stream" mbele ya wageni, badala ya kumwachia DJ, hawana budi kujua mapema mahali wimbo huu unapowaangusha waimbaji. Si kwenye kiitikio, ambacho nusu ya hema itakidakia bila kuombwa, bali ni pale mwanamume anapompisha mwanamke.

Wimbo huu ulitungwa na ndugu watatu wa kundi la Bee Gees, ukatoka mwaka 1983 kwa sauti za Kenny Rogers na Dolly Parton, ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Rogers alijaribu kwanza kuurekodi peke yake hadi akauchoka, ndipo Barry Gibb, mmoja wa ndugu hao, akasema kwamba anahitajika Parton. Kwa hiyo bibi harusi asiyekuwa tayari kubeba ubeti wake mwenyewe afadhali wachague wimbo mwingine.

Rogers anaanza katika ufunguo wa C, lakini Parton anapoingia, muziki wote unahamia A flati. Kwa waliolelewa katika kwaya na wanaosoma solfa, jambo hili ni jepesi kuliko linavyosikika, kwa sababu do ya bwana harusi inageuka kuwa mi ya bibi harusi. Basi kabla ya kugusa maneno, bwana aimbe do na kuishikilia, bibi aipokee noti hiyo katika kimo cha sauti yake akiiita mi, kisha ashuke re, do, na hapo atakuwa amefika nyumbani kwake. Zoezi hili lirudiwe mpaka asihitaji kinanda kumwonyesha njia. Ikiwa C ni ya juu au ya chini mno kwa bwana, wimbo mzima usogezwe pamoja. Akianza katika D, bibi ataingia katika B flati.

Mpiga kinanda aliyezoea kucheza katika C pekee (nao ni wengi kuliko wanavyokiri) atalazimika kushusha sauti ya kinanda kwa hatua nne za nusu toni papo hapo, jambo ambalo lafaa lifanyiwe mazoezi pia. Kwa magitaa, njia rahisi ni kuwa na wapigaji wawili: mmoja acheze C ya kawaida, na mwenzake, kwa sehemu ya bibi, afunge kapo (kibanio cha nyuzi) kwenye freti ya kwanza na kutumia maumbo ya G.

Siku yenyewe, spika moja ielekezwe kwa waimbaji, kwani upepo wa alasiri hupeperusha sauti hemani na bibi akikosa kuisikia do ya mwenzake atapotea. MC aupange wimbo kabla ya keki, kwa sababu foleni ya zawadi ikishaanza, hakuna atakayesikiliza.