Somo: Kuitafuta galaksi M83 kwa darubini ya macho mawili

Ukiwa na darubini ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi zake zina upana wa milimita 50) na mahali penye giza la kweli, M83 unaipata. Kwa macho matupu hapana, maana mwangaza wake ni wa daraja la 7.5 hivi (namba ikiwa kubwa, kitu ni hafifu zaidi, na macho matupu huishia 6 hivi).

1. Chagua usiku. Mei iko pazuri, ila masika huku kwetu hayakuachi. Subiri katikati ya Juni, mwezi usiwepo. Kwa Dar, saa mbili na nusu usiku inakuwa juu kusini, nyuzi 67 hivi kutoka upeo wa macho. Mimi nilipoteza siku tatu kwa sababu ya taa ya jirani, si mawingu.

2. Kaa gizani dakika 20. Ukiwasha simu, anza upya.

3. Tazama kusini, inua uso hadi karibu na utosi. Nyota nyeupe yenye usamawati ni Spica. Nyoosha mkono, shuka ngumi moja na kidogo: hapo kuna Gamma, nyota ya kundi la Hydra, hafifu zaidi. Sasa zitafute nyota mbili zinazouelekeza Msalaba wa Kusini. Kutoka ile iliyo karibu na Msalaba, panda ngumi mbili na nusu, utaiona Menkent yenye rangi ya chungwa. M83 iko karibu katikati ya Gamma na Menkent, imesogea kulia kidogo tu. Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, kwa hiyo irudie bila darubini kwanza.

4. Usiikodolee. Tazama pembeni yake kidogo, na kaukungu ka duara katajitokeza. Lacaille, mwanaastronomia Mfaransa aliyeigundua 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema alitumia lenzi ndogo kuliko yako.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Nimeona ukungu wa kijivu tu. Mbona picha zina waridi?

Marahaba. Gizani jicho halioni rangi, kamera hukusanya mwanga kwa muda mrefu. Waridi ile ni haidrojeni inayowashwa na nyota changa. Huko nyota huzaliwa kwa wingi, na kubwa hufa upesi: tangu 1923 zimeonekana sita zikilipuka.

Kwenye picha, ule upau wa katikati ya M83 ni kitu gani?

Ni nyota tu, zimejipanga kama fito iliyopita kitovuni, na mikono ya galaksi inaanzia kwenye ncha zake. Upau husukuma gesi kuelekea katikati. Galaksi yetu nayo inao, ila sisi tumo ndani, hatuwezi kuutazama kwa mbele kama huu ulio umbali wa miaka nuru milioni 15 hivi.

Niko Muscat, nitaipata?

Utaipata, ila chini zaidi, nyuzi 36 hivi. Zile nyota mbili zinazouelekeza Msalaba kwako zinagusa vumbi la upeo, usizitegemee. Shuka kutoka Spica hadi Gamma, kisha itafute Menkent moja kwa moja, chini kushoto.