Somo: Kuanza Mazoezi Baada ya Matibabu ya Saratani ya Titi

Wapendwa, nilipomaliza mionzi kila aliyekuja kunijulia hali alisema neno moja: pumzika. Nikapumzika miezi mitatu, uchovu ukazidi. Uchovu huu si kama wa kutoka shamba, usingizi hauuondoi. Kilichouondoa kwangu, tena polepole, ni kujongea.

Hatua ya 1: Ruhusa. Muulize daktari kuhusu moyo (dripu nyekundu ya dawa ya saratani, doksorubisini, huweza kuudhoofisha), wingi wa damu, na kama mifupa imeguswa na saratani. Siku ya homa usifanye zoezi, nenda hospitali.

Hatua ya 2: Mkono. Kidonda cha upasuaji kikishapona, simama ukielekea ukuta. Weka vidole vya mkono wa upande uliopasuliwa usawa wa kifua, vipandishe kidogo kidogo kama buibui mpaka mahali panapovuta. Nimesema panapovuta, si panapouma. Pumua mara tano, shusha. Rudia mara tano asubuhi na tano jioni. Mimi nilikuwa natia alama ya chaki kila Jumapili. Ya kwanza haikuvuka bega. Wiki ya sita nilianua nguo kambani bila kumwita mwanangu, nikakaa chini nikalia.

Hatua ya 3: Kutembea. Anza na dakika 10 kwa siku, ongeza 5 kila wiki. Mwendo uwe ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Lengo ni dakika 30, angalau mara 3 kwa wiki. Jipe wiki 12 kabla ya kusema hayasaidii.

Hatua ya 4: Nguvu. Mara mbili kwa wiki: inuka kitini bila kujishika, mara 8 hadi 10, kisha nyanyua chupa za maji za nusu lita.

Chakula nitakisema kifupi: mboga na maharage viongezeke, soda ipungue, pombe iachwe.

MASWALI YA WANACHAMA

*Dada, mimi nilitolewa tezi za kwapa. Niliambiwa nisibebe kitu kwa mkono huo maisha yangu yote. Ni kweli?*

Ndivyo tulivyoambiwa wengi, kwa kuogopa mkono usivimbe, na mikono yetu ikazidi kulegea. Utafiti wa Marekani uliotoka 2009 uliwafuata wanawake kama sisi waliokuwa wakinyanyua vyuma, uzito ukiongezwa kidogo kidogo chini ya mwalimu. Mikono yao haikuvimba kuliko ya wasionyanyua. Ila usirukie ndoo ya lita 20. Anza na kidumu cha lita 3. Pete ikianza kubana au mkono ukiwa mzito, punguza, ukaonwe.

*Shikamoo mama. Nyayo zangu zina ganzi tangu dripu. Naogopa kuanguka.*

Marahaba mwanangu. Vaa viatu vya kufunga, ndala ziache. Tembea mchana, njia tambarare, ukiwa na mtu. Jioni kagua nyayo kwa macho, maana jiwe likikukata huenda usilihisi.

*Mimi ni mwanaume, nilipasuliwa saratani ya utumbo mpana. Somo linanihusu?*

Sana, kaka yangu. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 889 wa saratani hiyo, waliokwisha kupasuliwa na kupewa dripu. Nusu waliongozwa kufanya mazoezi kwa miaka 3, wengine wakapewa kijitabu cha ushauri. Baada ya miaka 5, takriban 80 kati ya kila 100 waliofanya mazoezi walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Kwa wa kijitabu walikuwa 74. Kama una mfuko wa choo tumboni, usinyanyue vizito kabla daktari hajakukubalia.

*Dada, nilianza vizuri wiki jana. Leo hata kitandani sijatoka. Nimerudi nyuma?*

Hapana, mpenzi. Siku kama hizo zipo, nami nilizipata nyingi. Leo fika mlangoni, shika fremu, hesabu hadi kumi, rudi ulale. Zikifuatana siku tatu, au ukihema ukiwa umekaa, nenda ukapimwe damu. Kesho niandikie umefika wapi, nitakuwa nasubiri.