Namna ya Kutambua Vifaa vya Kulia vya Safari vya Fedha Kutoka Ufaransa

Seti ya safari iliyotengenezwa Ufaransa katika karne ya 19 kwa kawaida huwa na kisu, uma na kijiko vilivyolazwa ndani ya kikasha cha ngozi, na pengine bilauri ndogo ya fedha. Anayeikuta Arusha au Moshi, iwe katika mali ya urithi au kwa muuza vitu vya kale, asikimbilie kuisugua, bali asome kwanza chapa zake, kwa maana Wafaransa walizipanga kisheria na zinaeleza mengi kuliko maneno ya muuzaji.

Azima kioo cha kukuzia kwa mfanyabiashara wa tanzanite. Kwenye uma na kijiko tazama mgongo wa mpini. Kwenye kisu tazama pete inayounganisha mpini na bapa. Tafuta kichwa cha Minerva, mungu wa kike wa Warumi aliyevaa kofia ya vita, kilichoanza kugongwa mwaka 1838. Kikiwa na tarakimu 1, fedha halisi ni sehemu 950 kati ya 1000. Kikiwa na 2, ni sehemu 800. Vipande vidogo viligongwa kichwa cha nguruwe mwitu vilipopimwa Paris, na kaa vilipopimwa mikoani, kwa hiyo usikitupe kitu kwa sababu tu hakina Minerva. Geuza pia upande ulio mkabala na chapa: fuawe ya wakaguzi, yaani chuma kilichowekwa chini ya kipande kilipogongwa chapa, iliacha hapo michoro midogo mno, mara nyingi ya wadudu, iliyobuniwa kuwazuia waghushi, nami huithamini sana alama hii ambayo wanunuzi wengi huipita.

Chapa ya fundi hukaa ndani ya umbo la uru kama lile la karata, pamoja na herufi za jina lake, kwa mujibu wa sheria ya 1797. Umbo likiwa la mraba, hiyo ni metali nyingine iliyopakwa fedha. Hapa ndipo jina la Christofle linapowachanganya watu, kwa kuwa kampuni hiyo, iliyopata haki za kupaka fedha kwa umeme mwaka 1842, ilitengeneza pia vyombo vya fedha tupu; basi amua kwa umbo, si kwa jina. Tarakimu 84 iliyogongwa kwenye uma na vijiko vyake si kiwango cha usafi, bali ni gramu za fedha zilizopakwa juu ya uma 12 na vijiko 12.

Martin-Guillaume Biennais, aliyemtengenezea Napoleon makasha ya safari, alifanya kazi kabla ya Minerva, hivyo kazi zake hutafutiwa chapa ya jogoo, iliyotumika kuanzia 1798 hadi 1819. Odiot, Puiforcat na Cardeilhac nao ni majina ya kuheshimiwa miongoni mwa mafundi wa fedha.

Ukienda kwa sonara, mkataze kukwaruza kwa tupa au kudondosha asidi. Kisu kisipimwe kwenye mizani pamoja na vingine, kwa sababu mpini wake huwa mtupu ndani na umejazwa utomvu mgumu. Kwa sababu hiyo hiyo usikiloweke katika maji ya moto. Weusi hutokana na salfa, basi osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kausha mara moja, wala usifunge kwa mpira au sufu. Kipande kilichopakwa dhahabu kisisuguliwe kabisa.

Chapa ya fundi wa kisu ikitofautiana na ile ya uma, usishuku wizi wala ughushi: visu mara nyingi vilikuwa kazi ya mafundi wengine.