Jinsi ya kumpa mtu hati ya uwakilishi akuuzie kiwanja, na kiwanja hicho tu

Kama uko Muscat au London na kiwanja chako kiko Kigamboni sio lazima upande ndege uje kusaini, unamwandikia unaemwamini hati ya uwakilishi, ila jamani msiandike ile ya jumla ya "anisimamie mali zangu zote" maana hapo umeshamkabidhi funguo za nyumba nzima. Andika kazi moja. Majina yenu kama yalivyo kwenye vitambulisho, namba ya kiwanja, kitalu, eneo, namba ya hati miliki, alafu sema anaruhusiwa nini: kusaini mkataba wa mauzo na fomu za uhamisho, bei isishuke chini ya kiasi fulani, na pesa iingie kwenye akaunti yako wewe (hii usiiache kabisa, ndo watu wanapolizwa). Weka na tarehe ya mwisho.

Bandikeni picha za pasipoti wote wawili, saini mbele ya wakili mwenye muhuri, ukiwa nje ulizia ubalozi wa Tanzania. Ikifika Bongo inalipiwa ushuru wa stempu alafu inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, usiruke hapo maana uhamisho utakwama.

Ukibadili mawazo usiishie kumpigia simu tu, andika barua ya kuifuta, nakala apate yeye, msajili na mnunuzi kama kashapatikana. Na mwenye kiwanja akifariki hati nayo imekufa hapohapo, ndugu wasije wakaitumia, hapo ni mirathi.