Kazi ya timu ofisini: mpe mtu mmoja, si grupu

Mnaofanya kazi maofisi ya Kampala mnaijua hii: bosi anatupa ujumbe kwa grupu la WhatsApp, "ripoti ya wafadhili iishe Ijumaa", watu wanajibu "sawa bosi", wengine wanaweka kidole gumba, alafu Ijumaa inafika na hakuna hata ukurasa mmoja. Si uvivu jamani, kila mtu alidhani mwenzake ameishika. Kuna Mfaransa, Max Ringelmann, aliandika mwaka 1913 kuhusu watu wanaovuta kamba, akaonyesha kwamba wakiongezeka, kila mmoja anavuta kidogo kuliko akiwa peke yake, na ofisi zetu ndo hivohivo.

Kwa hiyo kwanza kabisa, kila kazi iwe na jina moja. Usiandike "watu wa fedha watashughulikia", andika nani, anafanya nini, mpaka siku gani na saa ngapi, na akikwama anampigia nani. Wengine wanamsaidia lakini wa kuulizwa ni yeye, na si lazima awe mkubwa, hata kijana wa intanshipu anaweza.

Na grupu la kazi libaki la kazi tu: michango ya kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) na rambirambi ipelekeni grupu ingine, basi.

Sasa hapa ndo penye shida kubwa, hasa kama mna matawi. Mambo yanaamuliwa wakati watu wanakula rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) saa saba, tena kwa Luganda, na mwenzenu wa Arua au Kitgum, kule kaskazini mwa Uganda, anakuja kusikia wiki inayofuata, alafu mnasema eti hashirikiani! Wekeni sheria kwamba kitu hakijaamuliwa mpaka kiandikwe, mistari miwili mitatu tu, kwa lugha ambayo wote wanaielewa, na kitumwe kabla watu hawajarudi nyumbani. Kwenye mkutano wa mtandaoni anzeni na wa mbali maana netiwaki inaweza kukatika wakati wowote, na bosi aongee mwisho, kwa sababu kwetu huku mzee akishasema nani tena atabisha? Mtatoka hapo mmekubaliana wote na nusu yenu hamjakubali.

Mnaoruhusu watu kufanyia kazi nyumbani ili wakwepe jamu ya magari asubuhi, lipeni bando. Data hapa Uganda inakatwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, sasa unamwambiaje mtu awashe kamera masaa mawili kwa pesa yake? Video zimeni, sauti inatosha, na kama ni taarifa tu ya kusoma basi hata mkutano hauhitajiki.

Katikati ya wiki, mwenye kazi aseme kwa grupu imefika wapi na nini kimekwama. Akichelewa mpigie simu pembeni, usimgombeze mbele ya wenzake, maana ukimwaibisha mara moja, siku ingine akikwama atanyamaza mpaka Ijumaa saa kumi na moja.