Jinsi ya Kuikabidhi Modeli ya Lugha Sehemu ya Kazi Zako za Ofisi

Modeli za lugha, yaani programu za kompyuta zinazotunga maandishi kama ChatGPT, hazichukui ajira nzima ya mtu kwa siku moja. Huchukua kipande kimoja cha kazi, kisha kingine. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwezi Novemba 2022, kazi zilizotangulia kupita mikononi mwa mashine ni rasimu za barua, mihtasari ya vikao na majibu ya maswali yanayojirudia. Kwa hiyo, anayetaka kuzitumia modeli hizi bila kuiharibu kazi yake aanze kwa kuivunja katika vipande vyake halisi.

Kwa muda wa wiki moja, andika kila jambo unalolifanya kama unavyolifanya kweli, hata kama barua yako ya ajira inaeleza vingine: kusoma malalamiko ya mteja, kutafuta kumbukumbu zake, kuamua iwapo anastahili kurudishiwa fedha, kumjibu, kuweka nakala katika faili. Hapo utaona kwamba kile kinachoitwa kuhudumia wateja ni kazi tano, na kwamba modeli inayoandika jibu zuri huenda isifae kabisa kuachiwa uamuzi wa fedha.

Kisha jiulize kuhusu kila kipande: nikiletewa matokeo, je, nitaweza kuyahakiki kwa muda mfupi kuliko ule ambao ningeutumia kuyaandaa mwenyewe? Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote. Muhtasari wa kikao ulichohudhuria utauhakiki upesi, lakini wa kikao ambacho hukuwapo utakulazimu kusikiliza mazungumzo yote upya. Modeli hutunga maandishi kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata yale yaliyotangulia, na ndiyo maana sentensi ya uongo hutoka na ufasaha uleule wa sentensi ya kweli. Mwezi Juni 2023, jaji wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hoja iliyotaja kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Jaji huyo alieleza kwamba kutumia msaada wa akili unde (AI) si kosa kwa asili yake. Walichopuuza mawakili hao ni wajibu wao wa kuhakiki.

Anza na kipande kinachojirudia mara nyingi na ambacho kosa lake hurekebishika kwa urahisi. Ielekeze modeli kama ambavyo ungemwelekeza mfanyakazi mgeni: taja msomaji ni nani, urefu unaotakiwa na mambo ya kuachwa, ambatisha mfano mmoja au miwili ya kazi iliyokubalika, kisha weka maandishi ya kutegemewa na uitake isitoke nje yake. Katika majuma ya mwanzo, linganisha kila rasimu na ile ambayo ungeiandika wewe. Makosa ya aina moja hutibiwa kwa kurekebisha maelekezo. Yakiwa hayatabiriki, kirudishe kipande hicho mikononi mwako.

Siri za wateja na mikataba usizibandike kwenye modeli kabla ya kupata ruhusa ya mwajiri na kujua zinahifadhiwa wapi.

Kila kinachotoka nje kiwe na mtu anayekiwajibikia kwa jina. Mwaka 2024, baraza moja la usuluhishi nchini Kanada liliiamuru Air Canada imlipe fidia abiria aliyepotoshwa na programu ya mazungumzo kwenye tovuti yake, na likakataa hoja kwamba programu hiyo ijibebee lawama.

Jambo linalonigusa zaidi ni hatima ya wanaoanza kazi. Utafiti wa wanauchumi Brynjolfsson, Li na Raymond uliotolewa mwaka 2023, uliohusu wahudumu wa wateja ambao idadi yao ilizidi 5,000, ulionyesha kwamba msaada wa akili unde uliongeza tija kwa wastani wa asilimia 14, na kwa wageni wa kazi takriban asilimia 34. Faida hiyo ni kubwa, lakini asiyewahi kuandika rasimu yake mwenyewe atapata wapi jicho la kuona kasoro katika rasimu ya mashine? Ukiwa msimamizi, tenga kila wiki kazi kadhaa ambazo chipukizi wako wataziandika bila modeli, uzisome pamoja nao, na ndipo uwaonyeshe rasimu ya modeli kuhusu suala hilohilo ili waisahihishe mbele yako.